UZI: Marco van Basten, straika aliyecheza mechi ya mwisho akiwa na miaka 28. Tuweke rekodi sawa

#1 Kisigino (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka mjadala wa mastraika humu jukwaani, Marco van Basten anatajwa kwa sentensi moja tu: "huyu angekuwa bora kuliko wote kama asingeumia." Halafu watu wanahamia kwa Ronaldo de Lima. Sentensi hiyo inaniudhi kwa sababu inamdhulumu mara mbili. Inamfanya aonekane mtu wa ahadi tupu, wakati mezani ana Mipira ya Dhahabu (Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka) mitatu. Na inafanya kuumia kwake kuonekane ajali ya siku moja, wakati kifundo kile cha mguu kiliharibika taratibu, kwa miaka, huku watu wazima waliokuwa na mamlaka ya kumwambia "kaa nje" wakimpanga.

Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Kazaliwa Utrecht tarehe 31 Oktoba 1964. Mechi yake ya kwanza Ajax ni Aprili 1982, dhidi ya NEC. Aliingia kuchukua nafasi ya Johan Cruyff, na akafunga siku hiyo hiyo. Kijana wa miaka 17 anaingia, mfalme wa soka la Uholanzi anatoka. Hata mtunzi wa tamthilia angeona haya kuandika hivyo.

Kuanzia msimu wa 1983/84 akawa mfungaji bora wa ligi ya Uholanzi misimu minne mfululizo. Mabao 28, 22, 37, 31. Yale 37 ya 1985/86 yakampa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Msimu huo huo Ajax iliifunga Sparta Rotterdam 9-0 na yeye peke yake akatia sita. Akaondoka Ajax na mabao 128 katika mechi 133 za ligi.

Najua kuna watakaosema ligi ya Uholanzi ni nyepesi. Sawa. Italia tutafika.

Mwaka 1987 akiwa nahodha alifunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Washindi, Athens, Ajax wakiifunga Lokomotive Leipzig. Kwenye picha ana furaha ya kweli. Lakini wakati huo kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinauma tangu Desemba 1986, na hapa ndipo ninapotaka tutulie.

#2 Kisigino

Naendelea.

Hadithi iliyozoeleka ni kwamba mabeki wa Italia walimvunja. Walimpiga sana, hilo halina ubishi, kila mwenye kanda za enzi zile anaona. Ila mwanzo wa tatizo ni Uholanzi, kwenye mechi ya ligi dhidi ya Groningen, na rafu yenyewe alicheza yeye. Alimwingilia mpinzani kwa hasira, akaumia mwenyewe. Akapumzika kidogo, akarudi, maumivu yakabaki.

Kocha wa Ajax alikuwa Cruyff. Makubaliano yakawa hivi: apunguziwe baadhi ya mechi za ligi, lakini zile za Ulaya acheze, kwa sababu klabu ilitaka kombe. Na kombe likaja. Fikiria kijana wa miaka 22, kocha ni shujaa wake wa utotoni, anaambiwa cheza. Atakataa vipi?

Kiangazi hicho akahamia Milan pamoja na Ruud Gullit. Msimu wa kwanza alicheza mechi 11 tu za ligi, akafunga mabao matatu, sehemu kubwa ya mwaka akawa kwa madaktari. Milan wakachukua ubingwa, na yeye alirudi kwa wakati kufunga kwenye ile mechi ya Mei 1988 pale Napoli, 3-2, ambayo ndiyo iliyompokonya Maradona taji.

Baada ya hapo ikaja Euro ya Ujerumani Magharibi. Alivaa jezi namba 12. Namba 9 ilikuwa ya Johnny Bosman. Mechi ya kwanza na Umoja wa Kisovieti, Van Basten alianzia benchi na Uholanzi wakalala 1-0. Kocha Rinus Michels akabadilisha.

Mechi ya pili, Düsseldorf, Uingereza. Angalia bao la kwanza: anapokea mpira mgongo ukiwa golini, Tony Adams yuko nyuma yake, anageuka naye Adams anaenda chini, kisha anapiga kwa mguu wa kushoto, Shilton hana lake. Akaongeza mawili. 3-1.

Nusu fainali, Hamburg, wenyeji. Matthäus penalti, Koeman penalti, dakika zinayoyoma, Wouters anapenyeza pasi. Jürgen Kohler anateleza kuziba, Van Basten naye anateleza, anautia mguu mpira kabla ya Kohler kufika. Unatambaa hadi kona ya mbali. Waholanzi walikuwa wamekaa kwa miaka 14 na kidonda cha fainali ya Kombe la Dunia ya 1974, waliyofungwa na Wajerumani hao hao. Usiku ule nchi nzima ilimwagika barabarani.

Fainali, dhidi ya Wasovieti wale wale, ilikuwa Munich, Olympiastadion, uwanja ule ule walikofungwa 1974, na Michels yule yule aliyekuwa kocha siku ile.

#3 Beki Mstaafu

Mkuu usiruke lile bao. Lielezee vizuri, kuna vijana humu hawajaliona.

#4 Kisigino

Silirukii, mzee wangu. Shikamoo.

Dakika ya 54. Gullit ameshafunga kwa kichwa, 1-0. Arnold Mühren, kiungo wa miaka 37, anapiga krosi kutoka kushoto. Ukweli ni kwamba krosi ilikuwa ndefu mno. Inapaa, inavuka boksi zima, inashuka upande wa kulia karibu na mstari wa goli. Mahali pale, straika mwenye akili timamu anautuliza mpira, anatafuta mwenzake. Pembe ni nyembamba kiasi kwamba ukisimama pale unaona nguzo ya karibu na kipa tu.

Kipa mwenyewe ni Rinat Dasayev, mmoja wa makipa wakubwa wa muongo ule.

Van Basten anaungojea. Hapunguzi mwendo, mwili unakwenda mbele, mguu wa kulia unapanda hadi kimo cha kiuno na kuupiga ukiwa hewani. Mpira unapita juu ya Dasayev na kushuka ndani ya nyavu upande wa pili. Kamera ikamwonyesha Michels amejifunika uso kwa mkono. Huyo ndiye mtu aliyefundisha Cruyff, na hakuamini.

Baadaye Van Basten alieleza kwamba alikuwa amechoka. Kuutuliza mpira maana yake ni kuanza kupambana na mabeki, kwa hiyo akaamua kupiga tu. Mimi naamini maelezo hayo. Lakini uchovu haukufundishi kuuweka mwili vile. Mtu wa mita 1.88 kwa kawaida ni mzito kwenye kugeuka, yeye alikuwa na wepesi wa mtu mfupi. Waitaliano wakamwita Bata Maji wa Utrecht, yule wa shingo ndefu, na ukiangalia anavyotua baada ya kupiga unawaelewa.

Mabao matano, mfungaji bora wa mashindano, na hilo ndilo taji kubwa pekee Uholanzi ya wanaume wamewahi kubeba hadi leo.

#5 Wa Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mtamu, lakini niruhusuni nipinge kidogo. Mchezaji mkubwa hupimwa Kombe la Dunia. Italia 1990 alikuja na kikosi cha mabingwa wa Ulaya, hakufunga hata moja, wakatolewa na Wajerumani. Euro 92 nusu fainali na Denmark penalti yake ikadakwa na Schmeichel, wakatolewa. Hizo mechi mbili mbona hamzitaji? Romario na Ronaldo walibeba timu zao.

#6 Kisigino

Ndugu wa Mombasa, hoja yako ni nzito na sitaipamba. 1990 alicheza vibaya. Timu nzima ilicheza vibaya. Kulikuwa na mgogoro wa kocha: wachezaji walimtaka Cruyff, wakapewa Leo Beenhakker. Walitoka sare mechi zote tatu za makundi, kisha wakakutana na Ujerumani pale San Siro, Kohler akiwa amemganda Van Basten kama kupe. Hakufurukuta. Na ile penalti ya Göteborg ni kweli, yeye pekee ndiye aliyekosa.

Ninachokataa ni kile kipimo. Tukisema Kombe la Dunia ndiyo mizani pekee, basi tumfute Di Stéfano, ambaye hakuwahi kucheza hata dakika moja huko, tumfute na George Weah wetu. Mechi nne za mwezi mmoja haziwezi kufunika misimu mitano ya ligi ngumu kuliko zote za wakati ule.

Na ugumu wenyewe tuupime kwa namba. Msimu wa 1987/88 mfungaji bora wa Serie A alikuwa Maradona, kwa mabao 15. Maradona, akiwa kwenye ubora wake! Mabeki walikuwa Bergomi, Vierchowod, Ferri, watu ambao wakikukosa mpira hawakukosi mguu. Katika ligi hiyo Van Basten alifunga 19 msimu wa 1989/90 akawa mfungaji bora, kisha 25 msimu wa 1991/92 akawa tena mfungaji bora, Milan wakimaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja. Kile kikosi kilikwenda mechi 58 za ligi bila kufungwa, hadi Asprilla wa Parma alipokuja na frikiki yake Machi 1993.

#7 Beki Mstaafu

Nathibitisha hayo ya mabeki. Enzi zile kumwingilia mtu kutoka nyuma ilikuwa sehemu ya kazi. Mara ya kwanza refa anakuonya kwa kidole, mara ya pili anakuonya tena, kadi ya njano ikija umeshamaliza kazi. Mimi nilicheza nafasi hiyo ligi ya mkoa, na tulifundishwa hivyo waziwazi: dakika kumi za mwanzo straika wao ajue upo. Hakuna aliyewaza kwamba mtu yule ana mguu mmoja tu wa kulia. Leo naangalia kanda zile na roho inaniuma.

#8 Mchua Misuli

Nichangie upande wa tiba kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Kifundo cha mguu kina gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa isisagane. Gegedu haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikichubuka haiponi kama ngozi au mfupa. Ukicheza juu yake kwa sindano za kutuliza maumivu unaondoa kengele ya hatari, ila moto unaendelea kuwaka. Mchezaji anakimbia, anaruka, anatua, kila kutua kunakwangua kidogo. Halafu kila upasuaji nao unaacha kovu na kupunguza mzunguko wa kiungo. Kwa hiyo mkuu Kisigino akisema "taratibu, kwa miaka" yuko sahihi kabisa kitaalamu. Hii si jeraha la mechi moja.

#9 Kisigino

Ahsante sana mtaalamu, umenirahisishia kazi.

Sasa tuje miaka yake ya Milan kwa ujumla, kisha mwisho.

1989, nusu fainali ya Kombe la Ulaya: Bernabéu sare 1-1, bao la Milan ni lake, kichwa cha kujirusha chini chini. Marudiano San Siro, Real Madrid wakapigwa tano bila. Fainali Camp Nou, Steaua Bucureşti, 4-0: Gullit mawili, Van Basten mawili. 1990 wakatetea taji Vienna dhidi ya Benfica, bao la Rijkaard, pasi ya Van Basten.

Mpira wa Dhahabu 1988, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na Gullit na Rijkaard. Waholanzi watatu wa klabu moja! 1989 akachukua tena. 1992 mara ya tatu. Hadi siku hiyo waliokuwa nayo mitatu walikuwa Cruyff na Platini tu.

Yeye na kocha wake wa Milan, Arrigo Sacchi, hawakuiva chungu kimoja. Sacchi alitaka timu itembee kwa mistari, mazoezi ya kurudiarudia bila mpira, na Van Basten alikuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Fabio Capello alipoingia 1991 alimlegezea kamba, na hapo ndipo yakaja yale mabao 25.

Tarehe 25 Novemba 1992, San Siro, IFK Göteborg. Milan 4-0, yote manne yake, mchezaji wa kwanza kufunga manne kwenye mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Moja ni tikitaka. Siku hiyo ana miaka 28 na mwezi mmoja hata haujatimia. Ukimwangalia unaona mtu mwenye miaka sita au saba mbele yake.

Mwezi uliofuata alikuwa tena kwenye meza ya upasuaji. Akarudi mwishoni mwa msimu, na Milan walikuwa wameshinda mechi zao zote kumi za Ulaya kufika fainali. Wakampanga. Fainali ilikuwa Munich, Olympiastadion, uwanja ule wa bao la hewani la 1988. Marseille wakashinda kwa kichwa cha Basile Boli. Dakika ya 86 Van Basten akatolewa, akaingia Eranio. Hakucheza tena mechi ya ushindani.

Hapa ndipo swali langu linapokaa. Kwa nini alipangwa siku ile? Alikuwa na mechi chache tu miguuni tangu upasuaji. Jean-Pierre Papin, aliyeshinda Mpira wa Dhahabu 1991, alikuwa benchi. Naelewa ilikuwa fainali, naelewa mwenyewe alitaka kucheza. Mchezaji siku zote anataka. Ndiyo maana kuna kocha na kuna daktari.

#10 Mtu wa Tanga

Umeuliza vizuri lakini mkuu tuwe wakweli, hata Yanga na Simba leo mchezaji anapigwa sindano dabi ikikaribia na sisi mashabiki ndio tunaoshangilia akionekana kwenye kikosi. Lawama si ya Capello peke yake.

#11 Kisigino

Naunga mkono kwa asilimia zote. Shabiki naye yumo.

#12 Mama wa Mabingwa

Naombeni kujua, baada ya hiyo fainali alikaa vipi? Maana nilijua alistaafu 1995, kumbe mechi ya mwisho ni 1993?

#13 Kisigino

Dada yangu, hiyo miaka miwili ndiyo sehemu ngumu kuisoma. Alipasuliwa tena. Madaktari tofauti, nchi tofauti. Kuna wakati alifungwa fremu ya chuma nje ya mguu, vyuma vimepenya hadi kwenye mfupa, ili kiungo kitanuke kipate nafasi. Haikusaidia. Katika kitabu cha maisha yake amesimulia jinsi usiku alivyokuwa akitambaa kwa mikono na magoti kwenda chooni, akihesabu sekunde ili asifikirie maumivu. Mchezaji bora wa dunia wa 1992, ana watoto wadogo ndani ya nyumba, hawezi kutembea hadi bafuni.

Agosti 1995 akatangaza kutundika daluga akiwa na miaka 30. San Siro wakamuaga kabla ya mechi ya kirafiki na Juventus. Hakuvaa jezi. Alikuwa na jinzi na koti, akazunguka uwanja akipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa, akichechemea kidogo. Kwenye benchi Capello alikuwa analia, machozi yanaonekana kabisa kwenye picha. Mtu mgumu vile.

Kiangazi hicho hicho Milan wakamsajili George Weah, akavaa jezi namba 9, na mwisho wa mwaka akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Mpira wa Dhahabu. Sisi huku tulimshangilia Weah bila kufikiria sana nafasi ile ilikuwa ya nani.

Baadaye daktari aliunganisha mifupa ya kifundo isicheze tena, na maumivu yakatulia. Anatembea vizuri, ila kifundo hakikunjuki.

#14 Wa Mombasa

Kwa hayo naondoa kidogo ukali wangu. Kombe la Dunia bado nasimama nalo, lakini sikujua habari za kutambaa. Na ukocha je? Nakumbuka Euro 2008 timu yake ilitisha.

#15 Kisigino

Ilitisha kweli kwa siku kumi. Italia mabingwa wa dunia 3-0, Ufaransa 4-1, Romania 2-0. Kisha robo fainali wakakutana na Urusi ya Guus Hiddink, Mholanzi mwenzao, wakafungwa 3-1 dakika za nyongeza. Kabla ya hapo 2006 alitolewa na Ureno ile mechi ya Nuremberg ya kadi nyekundu nne. Akafundisha Ajax msimu mmoja, Heerenveen, kisha AZ, ambako aliachia ukocha mkuu 2014 kwa sababu ya msongo uliomuathiri afya. Kwa maoni yangu hakuwa kocha mkubwa, na sioni sababu ya kulazimisha. Alichokiona yeye uwanjani huwezi kumwelekeza mtu kwa ubao.

Urithi wake mkubwa mimi nauona kwenye sheria. Kabla ya Kombe la Dunia la 1994 Marekani, FIFA iliwaagiza marefa wawe wakali kwa wanaowaingilia wachezaji kutoka nyuma. Watu wengi wa soka hulihusisha agizo lile na yaliyompata Van Basten, kwa kuwa mchezaji bora wa dunia alikuwa nje, amelala na mguu juu, wakati mashindano yanaanza. Haaland na Mbappé wa leo wanacheza kwenye ulinzi ambao yeye hakuupata.

#16 Beki Mstaafu

Hapo kwenye sheria ndipo nilipokuwa nangoja ufike. Mwaka ule tuliambiwa kwenye semina ya marefa wa mkoa kwamba ukimwingilia mtu nyuma unatoka. Wenzangu wengi walinung'unika kwamba mpira umekuwa wa kike. Leo hakuna anayekumbuka kunung'unika.

#17 Mama wa Mabingwa

Mzee, mpira wa kike nao una mabeki wagumu, njoo uone timu yangu Jumamosi.

Mkuu Kisigino, nina vijana wa miaka 15 ninawafundisha, kati yao kuna straika mmoja mrefu. Nimwonyeshe mechi gani za huyu mtu? Nataka ajifunze, si kushangaa mabao tu.

#18 Kisigino

Mwanzie na Uholanzi na Uingereza 1988, mechi nzima kama utaipata. Mwambie asiangalie mpira, amwangalie Van Basten kabla pasi haijapigwa: anavyomsogelea beki, anamgusa ajue yupo upande gani, kisha anaondoka hatua mbili kwenda upande mwingine. Mabao yote matatu yanaanzia hapo.

Halafu Milan na Real Madrid, ile ya 5-0. Humo anafunga moja tu, lakini hesabu mara ngapi anashuka hadi katikati, anaupokea kwa kifua au paja na kumwachia Gullit kwa mguso mmoja. Vijana warefu wengi siku hizi wanafundishwa kusimama kwenye boksi kungoja krosi. Huyu alikuwa anacheza kama kiungo mshambuliaji mwenye mwili wa straika.

Ya Göteborg 1992 mpe mwisho, hiyo ni kwa ajili ya kumalizia: kulia, penalti, tikitaka, vyote vimo.

Na dada, kwa kuwa wewe ndiye kocha wake: akikwambia kifundo kinauma na kesho ni fainali ya wilaya, mwache nje.

#19 Mama wa Mabingwa

Nitamwacha. Ana miaka 15, wilaya ina fainali kila mwaka.